Ukipewa saa moja na vijana kuzungumzia dawa mpya za kulevya

Kila mwaka Juni 26, siku ya kimataifa ya kupambana na dawa za kulevya, ikikaribia, barua huanza kushuka. Inatoka mkoani kwenda halmashauri, halmashauri inaisukuma kata, kata inamkabidhi mkuu wa shule, na mkuu wa shule anaangaza macho ofisini kumtafuta mwalimu mwenye vipindi vichache siku hiyo. "Madam, tusaidie ile mada ya dawa za kulevya." Shuleni kwetu, hapa Moshi, anayeangukiwa ni mimi, kwa kuwa nafundisha Kemia na nashika malezi na unasihi. Mtaani nako mwenyekiti akitaka mtu wa kuongea na vijana wa bodaboda, hunipigia mimi huyohuyo. Basi naandika kwa ajili ya yule ambaye safari hii barua imemwangukia yeye: mwalimu, mtendaji wa kata, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mlezi wa vijana parokiani au madrasa.

Hotuba ya bangi na unga wengi tunaijua kwa kichwa. Hii ya dawa mpya ndiyo inayotutoa jasho, kwa sababu tunasimama mbele ya watoto wenye simu, na ukikosea jina moja tu umekwisha. Wanacheka, halafu hata la kweli utakalosema baadaye halishiki.

Jua zaidi ya utakachosema

Dawa mpya, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, ni kemikali za kulevya zinazotishia afya lakini hazimo kwenye mkataba wa 1961 wala ule wa 1971. Ofisi yake ya dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, imeshapokea taarifa za aina zaidi ya 1,200. Usihangaike kuzikariri. Shika kinachozizalisha: mtu wa maabara anachukua molekuli iliyokwisha kupigwa marufuku, anang'oa kipande huku, anapachika kingine kule, anapata kitu kinacholevya ambacho sheria haijakiandika. Sheria ikimfikia, anabadili tena. Nyingine zimefukuliwa tu. Nitazini, kwa mfano, zilitengenezwa Uswisi miaka ya 1950 wakati watu wanatafuta dawa za maumivu. Hazikuruhusiwa hospitalini, zikabaki kwenye majarida ya kisayansi mpaka wauzaji wa siku hizi walipozisoma.

Kwa vijana wa huku njia nyepesi ya kuingilia ni mirungi. Kila mtoto wa Moshi anaijua. Ama amesikia mashamba yake yanafyekwa kule milimani Same, ama anajua inavyopita mpakani usiku kutoka Kenya, ambako ni zao halali. Kinachochangamsha ndani ya mirungi ni kathinoni, na kathinoni huanza kupotea jani likishachumwa. Zikipita siku mbili tatu unatafuna makapi, ndiyo maana magari yake hukimbia namna ile. Sasa wakemia walishatengeneza ndugu za kathinoni, mefedroni ikiwa mmojawapo. Huja kama unga au vidonge, hazinyauki, na mtu anaweza kumeza kwa sekunde moja kiasi ambacho shada la mirungi lisingempa kwa mchana mzima. Hapo darasa linatulia. Umewaeleza kitu kwa kutumia wanachokijua, wala hujawatisha.

La pili ni kemikali zinazoiga bangi. Mojawapo ya zile za mwanzo, JWH-018, ilitoka kwenye maabara ya John W. Huffman, profesa wa Chuo Kikuu cha Clemson huko Marekani, aliyekuwa anachunguza ubongo unavyopokea viini vya bangi. Herufi hizo ni za jina lake. Mwaka 2008 wachunguzi wa Ulaya waliikuta kwenye pakiti za majani yaliyouzwa kama ubani, zimeandikwa kabisa kwamba si za matumizi ya binadamu. Kiini cha bangi ya kawaida hukiamsha kipokezi cha ubongo kwa sehemu tu. Nyingi za hizi hukiamsha chote, na kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo kijana anayesema "mimi bangi naimudu" hajasema lolote kuhusu hizi.

Kuna kratomu, majani ya mti wa kusini-mashariki mwa Asia. Mwaka 2025 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, yaani DCEA, ilitangaza kukamata shehena kubwa yake iliyotoka Sri Lanka kupitia bandari ya Dar es Salaam. Kuna ketamini, dawa halali ya usingizi inayochepushwa. Na kuna biskuti na keki za bangi, ambazo kwa kemia si dawa mpya hata kidogo, ila kwa mtoto ni mpya kwa sababu hazina harufu ya kumshtua. Biskuti itakuchukua muda mrefu zaidi kuieleza, na nitarudi kwake.

Halafu nyamazia nusu yake

Hayo yote yajue, lakini usiyamwage. Kazi ya saa ile si kuwasomea orodha ya bidhaa. Ukipanga majina, picha, rangi za vidonge na bei ya kete, umefanya tangazo la biashara lililolipiwa na serikali.

Hili halitoki kichwani kwangu. Marekani waliendesha kampeni kubwa ya matangazo ya redio na televisheni kuanzia mwaka 1998, dhidi ya bangi hasa, kwa karibu dola bilioni moja. Tathmini iliyochapishwa 2008 haikuona kwamba iliwapunguzia vijana kuvuta. Kibaya zaidi, kulikuwa na dalili kwamba waliotazama sana walianza kuamini kuwa wenzao wengi wanavuta. Ukimwambia mtoto kila siku kwamba janga limeenea, anachosikia ni kwamba yeye ndiye amebaki nyuma. Viwango vya kimataifa vya kinga, vilivyotolewa na UNODC pamoja na Shirika la Afya Duniani na kuhuishwa 2018, vinataja waziwazi mambo ya shuleni yasiyozaa matunda: kutegemea kutisha, kutoa taarifa peke yake, ushuhuda wa waliowahi kutumia, na kumwachia polisi somo.

Sasa tazama ratiba zetu. Mgeni rasmi, neno la askari, ushuhuda, picha za mateja kwenye projekta, soda. Yaani tumechukua orodha ya visivyofaa tukaifanya ratiba ya siku.

Siwasemi vibaya waliopata nafuu. Kwa wazazi ni wasemaji wazuri kuliko sisi sote, na kikao cha wazazi ndiko ninakowapeleka. Kwa watoto ni jambo lingine. Kijana anasimama mbele, shati limenyooshwa, anaongea kwa ujasiri, anapigiwa makofi kuliko mwanafunzi aliyeongoza mtihani. Nilimsikia mtoto wa kidato cha tatu akimnong'oneza mwenzake, "Kumbe hata ukiingia unatoka." Kwa alichokiona, alikuwa na haki ya kufikiri hivyo.

Zile takwimu za kilo pia ziache. Mwezi Desemba 2023 DCEA ilikamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, na kila mtoa mada aliipenda namba hiyo. Mwandishi wa habari anaihitaji. Mwanafunzi wa nyuma anaizidisha kwa bei ya gramu, na nyinyi mnaendelea na hotuba huku yeye yuko kwenye hesabu za fedha.

Kabla ya siku yenyewe

Nenda kwa mkuu wa shule ukiwa na jambo moja la kukubaliana naye: hakuna mtoto atakayechapwa, kuitiwa mzazi au kuandikwa kwenye daftari la nidhamu kwa swali alilouliza. Mpe na sababu, kwamba bila hivyo atakusanya ukimya na picha za kutuma halmashauri. Wengi hukubali. Mmoja akikataa, badilisha mada iwe ya huduma ya kwanza. Nayo itakufikisha palepale.

Usikubali paredi. Wanafunzi mia sita juani, mikono nyuma, wa kidato cha kwanza wamechanganywa na wa sita wenye ndevu, hapo huzungumzi na mtu. Omba mkondo mmoja mmoja, ndani ya darasa, mwalimu wa zamu akae nje.

Wiki moja kabla, weka boksi tupu la chaki lenye tundu juu yake, mahali ambapo mtu anaweza kupita bila kuonekana. Pembeni ya maktaba panafaa. Mlangoni kwa ofisi ya walimu hapafai. Karatasi zikatwe sawa zote, kwa sababu watoto wanaogopa kutambuliwa kwa daftari lao. Maswali yatakuambia uko wapi. "Madam, ile biskuti inakaa mwilini siku ngapi?" Huyo hajauliza kwa ajili ya mtihani. "Ukivuta vepu ya embe inahesabika umevuta?" "Kama mirungi Kenya ni halali, mwili wa Mkenya ni tofauti?" Hili la mwisho nalipenda sana. Na kila mwaka, bila kukosa: "Mbona mbege haikamatwi?"

Usilikwepe la mbege. Uchaggani mtoto ameona kata ya mbege ikizunguka harusini na msibani tangu hajui kutembea. Ukimwambia pombe ni jambo tofauti kabisa, amekufuta. Mwambie pombe nayo inalevya na inatia uraibu, inaua wengi barabarani, na sheria imeiwekea umri wa miaka 18. Tofauti ya kweli ni kwamba mama anayepika mbege anajua alichotia, ndizi na ulezi, na mnywaji anajua kata moja ina uzito gani kwake. Mwenye kidonge cha stendi hajui, hata aliyemuuzia hajui. Shikilia hapo, maana hiyo ndiyo mada yako yote ya siku.

Jaribio la majani

Kutojua kilichomo ndiko kunakoua kwenye dawa mpya, na hili huwezi kulisema likaingia. Lazima walione. Ninachofanya ni hiki.

Siku mbili kabla, koroga rangi nyekundu ya chakula, ile ya unga inayouzwa dukani kwa mafungu madogo, kwenye nusu kikombe cha maji mpaka iwe nzito. Tandaza majani makavu yaliyokatwakatwa kwenye sinia. Nyunyiza ile rangi kwa vidole, vivi hivi, bila kupima, kisha anika. Usitumie pamanganeti ya maabara hata kama iko karibu. Ikigusa majani inageuka kahawia na utakosa cha kuonesha. Yakikauka, changanya kidogo, tia kwenye mfuko.

Darasani panga glasi sita za maji safi mezani. Waambie kwamba kemikali zinazoiga bangi hufika viwandani vichochoroni zikiwa unga, huyeyushwa, hunyunyiziwa majani yasiyo na kitu, na anayenyunyiza hana mizani. Ita wanafunzi sita, kila mmoja achote kwa vidole viwili kutoka mfuko uleule, kiasi kilekile, adumbukize kwenye glasi yake. Subiri. Glasi moja haibadiliki. Mbili zinakuwa na weupe wa waridi. Moja inageuka nyekundu kama imemwagiwa damu, na aliyeichota anarudi nyuma hatua moja, nimeona hivyo kila darasa.

Usiseme kitu kwa muda. Kisha uliza: "Nani kati yao alivuta kidogo?" Wote walichota sawa. Uliza tena: "Aliyemwambia mwenzake 'mimi nilijaribu, haina noma,' alikuwa glasi ipi?" Mara nyingi mtu atajibu kabla yako kwamba alikuwa ile isiyobadilika, na kwamba hakuwa anadanganya.

Kutoka hapo nenda kwenye vepu, zile sigara za umeme. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath walipima vepu zilizonyang'anywa wanafunzi kwenye shule za Uingereza, na takriban moja kati ya sita ilikuwa na kemikali ya kuiga bangi. Mtoto anaweza kuamini ananunua vepu ya kawaida au yenye bangi tu. Rangi na harufu ya embe haisemi chochote kuhusu kilichomo.

Na biskuti. Ubaya wake ni muda. Kilichovutwa kinafika ubongoni kwa dakika chache. Kilicholiwa kinapita tumboni na kwenye ini kwanza, kinaweza kuchukua nusu saa hadi saa mbili kabla mtu hajasikia lolote. Anasema "hamna kitu hapa," anaongeza ya pili, labda na ya tatu. Zikifika zote pamoja ndipo unaletewa mtoto anayelia kwamba moyo unasimama. Kwa mabweni, msisitizo wangu ni wakati wa mahafali na siku za kutembelewa: kitu cha kuokwa kisicho na lebo, kilicholetwa na mtu usiyemjua, usile, na usimpe mdogo wako.

Wakikuuliza kuhusu kush

Watauliza kuhusu huo mchanganyiko wa kuvuta wa Afrika Magharibi. Wameona zile video za vijana wa Freetown wamesinzia wakiwa wamesimama. Jibu kwa kilichothibitishwa. Rais Julius Maada Bio wa Sierra Leone alitangaza hali ya dharura ya kitaifa kwa ajili ya kush Aprili 2024. Vipimo vilivyotangazwa 2025 vilikuta nitazini kwenye baadhi ya sampuli na kemikali za kuiga bangi kwenye nyingine. Ile hadithi ya mifupa ya binadamu iliyosagwa ndiyo waipendayo, na ndiyo ya kuimaliza haraka, kwa sababu anayeamini kwamba hatari iko kwenye mifupa atavuta kwa amani kitu ambacho muuzaji amemwapia hakina mifupa.

Usiseme imefika Moshi au haijafika. Kupima ni kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha.

Mazoezi ya kukataa yachukue dakika kumi, si zaidi, na yafanywe kwa lugha yao. "Sema hapana kwa dawa za kulevya" ni sentensi ya bango. Hakuna kijana anayeongea hivyo akiwa nyuma ya madarasa na rafiki yake wa tangu chekechea. Wape hali moja ya kweli, waandike wenyewe majibu, wayaigize. Nimesikia "Nina gemu kesho, niache," na "Mzee ananusa kama mbwa wa KIA," na msichana mmoja aliyesema tu "Sitaki," akakaa. Mabinti waongezee la soda kwenye sherehe: ifunguliwe mbele yako, na ukiiacha mezani, usiirudie.

Mtu akianguka

Hapa ndipo utumie muda mwingi, hata ukikata vingine. Vijana wanaodharau hotuba nzima huchukua kalamu ukifika hapa, kwa kuwa wengi wameshamwona mtu akianguka na hawakujua la kufanya.

Anza na maziwa. Nyumbani kwetu mtu akinywa sumu au akilewa vibaya, kikombe cha maziwa kinakimbizwa. Aliyepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, maziwa yataingia kwenye mapafu. Usimmwagie ndoo ya maji wala kumtembeza kwa nguvu.

Aliyelala haamki, anakoroma kwa ajabu, pumzi zinachelewana na midomo inapoteza rangi, huyo pumzi ndiyo inayomwishia. Mwite kwa sauti, msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoamka, mlaze kiubavu, goti la juu likunjwe mbele, uso uelekee chini kidogo ili matapishi yatoke. Fanya wanafunzi wawili wawili walazane hivyo sakafuni. Watacheka, lakini mikono itakumbuka. Asiachwe peke yake kwamba "atalala ataamka." Anayejua kumpulizia mtu pumzi, na pumzi zimesimama, ampulizie.

Aliyechemka ni wa namna nyingine: jasho, macho yametoka, moyo unakimbia, anaona watu wanamfuata. Msimzingire, msimfunge kamba. Mmoja anayemwamini aongee naye kwa sauti ya chini, mpelekeni kivulini, legezeni nguo, kitambaa chenye maji shingoni, na maji anywe kwa mafunda kama yuko macho. Akishikwa na degedege ondoeni vitu vya kumuumiza, na kijiko kisiingie mdomoni. Wote hawa ni wa hospitali.

Usafiri sasa, kwa sababu hapa ndipo mambo huharibika. Rafiki zake watamweka katikati kwenye bodaboda, mshikaki, kichwa kinaning'inia kifuani. Akikaa hivyo njia ya hewa inajifunga. Tafuteni bajaji au gari, alale kiubavu njia nzima. Bebeni kilichobaki, kipande cha biskuti, karatasi, chupa ya vepu, hata matapishi kwenye mfuko. Na mwambieni daktari ukweli. Kinachowafanya vijana wamtupe mwenzao getini na kukimbia ni hofu ya polisi. Yule atakayekufa akisubiri ujasiri wao hana muda huo, waambieni hivyohivyo.

Kwenye kijiwe

Kwa vijana wa nje ya shule usiwaite ukumbini. Hawatakuja, na wakija watauliza posho iko wapi. Nenda wewe. Bodaboda wanapatikana kuanzia saa nne asubuhi, wanafunzi na watu wa ofisini wameshafikishwa. Wapagazi wa mlimani, wagumu wenyewe, watafute wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache na mtu anashinda kijiweni Majengo au Pasua hana la kufanya. Msimu ukichanganya hutampata mtu.

Kijiweni una robo saa, umesimama. Achana na kemia. Bodaboda zungumza nao kuhusu kifurushi. Mtu asiyemjua anampa bahasha na shilingi elfu kumi kwa safari ya elfu mbili. Kwa sheria ya mwaka 2015 na marekebisho ya 2017, kosa la kusafirisha dawa za kulevya linaweza kufika kifungo cha maisha, na pikipiki yenyewe huenda ni ya mkataba, haijamaliza kulipiwa. Hilo huwa linasikilizwa hadi na wanaojifanya wako kwenye simu. Wagumu waambie kuhusu vidonge ambavyo mgeni anaviacha kambini pamoja na soksi na bakshishi: visigawanwe. Kisha onesha namna ya kumlaza mtu kiubavu, palepale kwenye benchi. Mwenyekiti wa kijiwe akikubali kulala yeye, umepata hadhira.

Baada ya saa yako

Acha namba ubaoni na usizifute: 119 ni ya DCEA, 116 ni huduma ya simu kwa mtoto, zote bure. Kaa darasani dakika kadhaa ukijifanya unapanga glasi. Anayetaka kukuona hatanyosha mkono; atabaki nyuma kukusaidia kubeba. Usimuulize "unatumia?" Muulize nani anamhofia. Mara nyingi ni kaka yake.

Huyo wa kaka mwelekeze kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha. Wazazi watakuuliza kuhusu "ile dawa ya kunywa wanayopewa." Wanazungumzia methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Inawasaidia wa heroini na jamii yake. Kwa aliyezama kwenye kathinoni za maabara au bangi ya kuigiza haifanyi kazi, huko tiba ni ushauri nasaha, kutibu dalili moja moja, na muda mrefu. Ni vizuri mzazi alijue mapema, asije akauza mbuzi kufuata kliniki isiyomhusu.

Taarifa utatakiwa kuirudisha kata kabla ya mwisho wa wiki. Fomu ina sehemu ya idadi ya wavulana, idadi ya wasichana na picha mbili. Jaza. Nyuma yake, kwa mkono, nakili maswali yote ya boksi la chaki bila jina la mtu wala la darasa, uandike juu "Maswali ya vijana, kwa afisa maendeleo ya jamii," na ubaki na nakala, kwa sababu mwakani barua itakuja tena na anayeshika kiti kile ofisini huenda si huyuhuyu.